Yule wa Mwendo

Baba, shikamoo.

Tangu asubuhi nakuandikia, na kila nikifika hapo kwenye shikamoo nainuka. Naenda kuangalia kama mbuzi ameingia kwenye maharage. Mbuzi hayupo, narudi. Nakaa kwenye cherehani, mguu unaanza kukanyaga wenyewe na wala hakuna kitambaa chini ya sindano. Emanueli ameniuliza kama nimekalia siafu. Nimemjibu vibaya, nikamwomba radhi, nikamjibu vibaya tena. Mume wangu ni mvumilivu, ulisema hivyo siku ya mahari na mimi nikadhani unamtania.

Nianze na mifugo, maana wewe hukutaka kusikia habari za watu kabla ya ng'ombe. Ng'ombe ni wazima. Yule mweusi mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Mahindi ya nyumbani Gehandu yamebeba vizuri upande wa juu, upande wa korongo yamelala kwa upepo. Koti lako la kesi, lile la kahawia, bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kulivaa. Baba Mdogo Bura alilipima mabegani siku ya matanga, akamwona Mama anamtazama, akalirudisha.

Sasa watu. Siku tuliyokuzika, walipokuwa wanatupa udongo, kila mtu alisema "safari njema." Mwinjilisti alisema, shemeji zako kutoka Mbulu walisema, hata wale vijana wa kwaya. Mama alipofika kwenye ukingo wa kaburi akasema "mwendo mwema." Wageni walitazamana. Mimi nilikuwa nalia na hapo hapo nikataka kucheka, kwa sababu nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tunamtania. Unakumbuka? Tunamuuliza, Mama, mtu akipanda basi kwenda mbali anakwenda nini? Naye anajibu, "mwendo mrefu." Tunaliita lile neno mdomoni mwake kwa kila hila na halitoki. Wewe unacheka mpaka unafuta macho na kofia. Baba yako aliitwa Safari, na Mama ni binti wa wafugaji wa Getanuwas, ambako mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini, wala neno linalofanana nalo. Shangazi zetu walimwambia huku kwenu haina haja, na kwamba neno la Kiswahili halihesabiki. Yeye alihesabu. Ukienda mnadani alikuambia mwendo mwema, na ukichelewa kurudi alituambia Baba yenu bado yuko mwendoni.

Nakukumbusha hilo kwa sababu ndilo limeniondolea usingizi na utulivu, na nitalifikia. Ngoja nimtoe mtoto kwenye jua kwanza.

Nimerudi.

Ulipofariki, kesi ya Theresia ilibaki bila rafiki. Ndivyo wakili mpya alivyoniambia kwenye simu. Nilidhani anafanya mzaha, kisha nikakumbuka. Mtoto hawezi kudai fidia mwenyewe mahakamani, lazima mtu mzima asimame kwa niaba yake, na zile karatasi zilikuita wewe "rafiki wa karibu" wa mtoto. Ulivyokasirika siku ile! "Mimi nimemzaa, hawa wananiita rafiki!" Baada ya wiki ukawa umelipenda hilo jina. Ukitoka shambani unamkuta Theresia mdogo wangu amekaa kizingitini na ule mguu wake mwembamba ameunyoosha, unavua kofia, "Rafiki wa karibu, umekula?" Naye anajibu, "Nimekungoja wewe, rafiki." Sasa hakuna anayemwita hivyo.

Wakili alitaka mimi nichukue nafasi yako. Nije Babati na Mama, maelezo ya Mama yasomwe upya, kisha niape kwamba ninaamini mguu wa Theresia uliharibiwa na sindano ya chanjo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ningekataaje? Uliponishika mkono pale wodini, ulikuwa huna nguvu ya kushika kikombe, lakini kiganja changu ulikibana. "Paulina, kesi usiiache. Hata nikiwa chini, usiiache." Nikasema ndiyo Baba. Ulikuwa umeipigania tangu Theresia hajajua kuongea vizuri. Ofisi za Katesh wanakujua, Babati wanakujua, wewe na ule mfuko wako wa nailoni wa Rambo wenye karatasi za kesi, ambao hata serikali ilishaupiga marufuku na wewe ukaendelea kuubeba chini ya koti.

Na kulikuwa na Elia wangu. Alipozaliwa ulimpakata, ukamtazama mapaja, ukasema mjukuu wako hachomwi sindano yoyote mpaka kesi iishe. Sikubishana na wewe. Emanueli alinuna, nami nikamwambia tumpe mzee muda. Sasa mtoto amekwisha kuota meno, anatambaa, na wiki ile ile wakili aliyopiga simu watoto wa jirani yetu wawili walitoka vipele mwili mzima, macho mekundu, na muuguzi akasema ni surua. Nilimfungia Elia ndani. Nikawa nasikiliza kila anapokohoa. Nikasema moyoni, kesi iishe basi, iishe haraka, tushinde, nimpeleke.

Kwa hiyo nilikwenda Babati nikiwa na haraka ya kuapa.

Wakili mpya ni mama wa makamo, anavaa miwani kwenye kamba shingoni. Alimwamkia Mama shikamoo vizuri, akampa kiti chenye mto. Akaanza kusoma yale maelezo ya zamani ambayo yule wakili wa kwanza, kijana wa Arusha, aliyaandika. Kwamba timu ya chanjo ilikuja kijijini na pikipiki, wakakaa pale kanisani. Kwamba mtoto alichomwa sindano. Kwamba alipata homa na mguu ukakataa kusimama. Kwamba aliyemchoma ni mhudumu wa huduma ya mkoba.

Mama akatikisa kichwa. Akasema, "Mimi nilimwambia ni yule wa mwendo."

Wakili akasema kwa upole, ndiyo Mama, ndiyo maana yake, mhudumu anayetembea, anayekuja na pikipiki, ni sawa tu.

Baba, nilimgeukia Mama. Yule kijana wa Arusha angejuaje? Alisikia "wa mwendo" akaona mtu wa kutembeatembea, na watu wa namna hiyo waliokuwa kijijini wiki ile ni wale wa chanjo. Akaandika. Na wengine wote baada yake wakasoma alichoandika. Lakini nyumbani kwetu mwendo si pikipiki. Mwendo ni Babu. Nikamuuliza Mama kwa sauti ndogo, huyo mtu ana jina la Babu? Akavuta upindo wa kitenge akaziba mdomo, akainamisha kichwa. Nikajua anasema ndiyo.

Safari wa duka la dawa. Rafiki yako Safari, ambaye kwa sababu ya jina lake ulikuwa unamwita "Baba" kwa utani, naye anakuita "mwanangu" wakati mlikuwa mnalingana umri. Aliyekuwa akitupa peremende za koo tukipita dukani kwake. Aliyechoma sindano kwa kila ugonjwa kwa sababu watu wa kwetu hawaamini wamepona mpaka wachomwe.

Wakili alivua miwani. Akamuuliza Mama, sindano ya chanjo ilichomwa wapi? Mama akagusa mkono, hapa juu karibu na bega. Na ile ya huyu mwingine? Mama akainuka kwenye kile kiti chenye mto, akajipiga tako la kulia kwa kiganja, pap, ofisini pale. Ungekuwepo asingethubutu. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza swali hilo akajibiwa, Mama alisema "mguuni" tu, kwa heshima, na wewe ukawaeleza wakubwa kwamba sumu ilishuka kutoka mkononi hadi mguuni. Wakili akatueleza kwamba kwenye tako kunapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na kwamba sindano ikipotea hapo mguu unaweza kufa ganzi siku hiyo hiyo. Akasema daktari ndiye wa kuthibitisha. Akasema pia wapo watu wenye madai ya kweli kuhusu chanjo na wanastahili kusikilizwa, ila hili haoni namna ya kulisimamia tena. Kisha akanitazama mimi. "Binti, ukiapa unaapa kwamba unaamini. Unaamini?"

Nilisema naomba niende msalani, nikaenda nikasimama nje ya lango nikitazama watu wanaouza vitunguu.

Tukirudi kwa basi tulianza kuuona mlima Hanang umefunikwa na wingu. Ndipo Mama akanieleza, akiutazama mlima, si mimi. Timu ya chanjo ilikuja asubuhi. Muuguzi akamwambia mtoto anaweza kuchemka kidogo, ni kawaida, ampe maji na amnyonyeshe. Theresia akachemka. Wewe ulikuwa umeondoka kupeleka ng'ombe mnadani, na ulikuwa umeacha neno kama unavyoacha siku zote ukitoka: mtoto akichemka, mpeleke kwa Safari. Kesho yake akampeleka. Theresia alikwenda kule akitembea, ameshikwa mkono, alikuwa ameshaanza kukimbiza kuku. Alirudi amebebwa.

Uliporudi akakwambia, "Nilimpeleka kwa yule wa mwendo, kama ulivyosema." Mama anasema uliketi kwenye lile jiwe la kunolea panga. Kisha ukauliza, "Wale wa chanjo? Wa pikipiki?" Naye akanyamaza. Nilimuuliza kwa nini, Mama, kwa nini ulinyamaza, na najua nilimpandishia sauti ndani ya basi na watu wakageuka. Akasema, "Nilimwona anatafuta mlango wa kutokea. Nikamwachia."

Hapo ndipo nilipokwama, Baba. Siku zote hizi nazunguka nyumba na swali moja. Ulijua? Wewe ndiye uliyekaa na mwanamke huyu maisha yako yote. Ukimsikia anasema mwendo ulijua anamsema baba yako, hata usingizini ungejua. Theresia ananiambia mlikwenda mara moja kwa daktari mmoja wa mifupa, akakuuliza kama mtoto amewahi kuchomwa sindano ya tako, ukasimama, ukavaa koti, ukasema "twende." Basi ulijua. Halafu nakumbuka ulivyokuwa unasimama mbele ya wale wakubwa ukitetemeka kwa hasira, na hasira ile haikuwa ya kuigiza, nakujua, hujui kuigiza hata kwenye ngonjera. Basi hukujua. Nabadilisha hivyo kila saa. Nikiwa kwenye cherehani ulijua, nikiwa kisimani hukujua.

Kama ulijua, ulinibana mkono wodini ili niape uongo. Nimekasirika na wewe, nakuandikia hivyo hivyo bila kupunguza. Nimekasirika na nakukumbuka, na hayo mawili hayataki kukaa chumba kimoja.

Baba Mdogo amesema nimeuza jasho la kaka yake. Alikuja hapa Dongobesh kwa miguu kutoka stendi, hakukubali chai. Anasema sheria ni ya maneno, na maneno yameshaandikwa, kazi yangu ni kuapa tu na kunyamaza, mbona Mama ameweza kunyamaza. Anasema yule Safari alishahamia upande wa Singida na akafia huko, kwa hiyo hakuna wa kumdai, na mtoto abaki na mguu ule bila chochote? Nilimwambia, Baba Mdogo, shikamoo, naomba uniache nifikirie. Ananikatia simu tangu siku hiyo.

Usidhani sikufikiria. Theresia anahitaji kile chuma cha kushika mguu, cha zamani kimembana. Anataka kusoma mbali. Nimekaa nikajisemea, neno moja tu, Paulina, apa, nani ataumia? Kisha nikamsikia Elia anakohoa. Nikaona akina mama wa Gehandu ambao wewe mwenyewe uliwasimamisha njiani na kuwaonyesha mguu wa Theresia ili wasiende kliniki. Walikuamini. Uliongea vizuri na ulikuwa na ushahidi umeushika mkono. Wangapi wamewafungia watoto wao ndani kama mimi nilivyomfungia wangu?

Ila sikutaka kuamua bila kumuuliza mwenye mguu. Tulikuwa tumezoea kumwamulia, wewe, mimi, Baba Mdogo, mawakili. Nikapanda kwenda Gehandu, nikamkuta anachambua maharage na Mama. Nikamwambia yote, Mama akiwa pale pale, mpaka jiwe la panga, mpaka mlango wa kutokea.

Theresia aliendelea kuchambua. Unajua anavyofanya, anakunyima macho mpaka amalize kufikiri. Kisha akacheka, Baba. Kicheko kile chako. Akasema, "Kumbe Baba alikuwa anajidai fidia yeye mwenyewe."

Mama akaweka ungo chini.

Kicheko kikageuka kilio, nikamshika, akanisukuma, hakutaka kushikwa. Alipotulia akauliza ni nani aliyekuwa anambeba masika korongo likijaa. Nikasema Baba. Nani alimbeba mpaka darasa la sita, mpaka yeye mwenyewe akaona aibu, mpaka wenzake wakamtungia jina? Nikasema Baba. Na jembe lilikuwa linalala siku hizo? Nikasema lilikuwa linalala. Akafuta pua na kiganja. "Basi mwandikie. Wewe si ndiye unayejua kuandika barua ndefu. Mwambie alishalipa. Mwambie mimi simdai."

Ndiyo maana nakuandikia. Yote ya juu nimeandika nikizunguka, kama kawaida yangu ya siku hizi, lakini nilitumwa neno hilo moja. Ulishalipa. Theresia hakudai.

Juzi tumerudi Babati sote watatu. Nimekataa kuapa. Wakili ameandika maelezo mapya na ataomba shauri liondolewe. Tulipofika mahali pa jina, Mama alishindwa, wakili akangoja. Nikalitaja mimi kwa niaba yake, Safari, akaandika, Mama akatazama dirishani kama mtu aliyesikia habari za jirani. Huyo wakili amesema kuna mahali wanatengeneza chuma cha mguu na atatuandikia barua ya kutupeleka. Sijui kama watatupa. Tutaenda kuuliza, na tukinyimwa tutarudi kuuliza tena, hilo tumejifunza kwako.

Na kesi imeisha, Baba. Wewe ulisema mpaka kesi iishe. Leo asubuhi kabla ya kukaa kuandika nimempeleka Elia. Nilimshika kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, muuguzi akaniambia mama legeza, unamtisha mtoto. Nilimkodolea macho yule binti mpaka akaona haya. Alimchoma mkononi, juu karibu na bega, pale pale Mama alipogusa. Elia alilia, akanyonya, akasinzia. Sasa hivi amechemka kidogo. Kila nikiinuka ni yeye ninayekwenda kumgusa paji la uso, mbuzi nilikudanganya. Muuguzi amesema ni kawaida, nimpe maji na kumnyonyesha, na akizidi nimrudishe kwao, nisimpeleke dukani. Nimekaa namtazama miguu. Anaipiga piga yote miwili.

Jumapili nitasimama kanisani Gehandu baada ya matangazo niwaambie akina mama wale. Sitakuvunjia heshima. Nitasema tulikosea neno moja. Watauliza neno gani, na nitalisema.

Kuhusu yale niliyokubali wodini, sikuyatimiza, na sitayatimiza. Nakuahidi jingine badala yake. Theresia hatakaa kizingitini akingoja wa kumuuliza kama amekula. Mahakama haitaniandika popote, lakini nikifika kwa Mama nitavua kilemba kama ulivyovua kofia na nitamwita rafiki wa karibu, hata akininunia, hata akiwa na wajukuu.

Mama yuko hapa kwangu tangu juzi. Amepita sasa hivi na bakuli la uji wa Elia, akaona nimeinama, akauliza namwandikia nani. Nilimwambia. Akasema, "Mwandikie mwendo mwema." Nimeandika, Baba, umeliona. Yeye ana sababu ya kutolitaja hilo jina lingine, na nitamheshimu nalo mpaka siku yake. Wewe hukuwa na sababu hiyo. Lilikuwa jina la baba yako, uliruhusiwa kulitaja siku yoyote, pale kwenye jiwe, pale kwa daktari, pale wodini. Na mimi ninaruhusiwa. Kwa hiyo Mama akishatoka nje nalitaja kwa sauti hapa kwenye cherehani, nikiwa nimekaa, mguu umetulia.

Safari njema, Baba.

Mwanao,
Paulina